Darasa la Chokaa: Mji Mkongwe na Wanafunzi Wake

Mgeni anayeingia Mji Mkongwe kwa mara ya kwanza huangalia milango. Ana haki yake. Milango ile ya msaji, yenye misumari mikubwa ya shaba na maua na minyororo iliyochongwa kwenye fremu, ilitengenezwa iangaliwe. Tajiri wa Unguja wa karne ya 19 hakumwaga fedha zote zile ili watu wapite wakitazama chini. Lakini mwanafunzi wa urithi wa miji, akishashinda siku chache na mafundi wa hapa, macho yake huhama. Huangalia juu. Hutafuta bati lililotoboka, mfereji uliokatika, bomba la choo lililopitishwa nje ya ukuta, na ule ukijani unaoteremka kutoka ghorofa ya pili hadi barazani. Mlango unamwambia nani alikuwa na mali wakati wa Sultani Barghash. Ukijani unamwambia nyumba ipi ina shida leo.

Safari hii sikufuata fukwe wala mashamba ya viungo. Nilifuata wanafunzi wa shahada ya uzamili waliokuwa kwenye mafunzo tarajali: wa mipango miji, wa usanifu majengo, mmoja wa historia. Baadhi wametoka Bara, baadhi ni wenyeji, wawili watatu wamevuka bahari kutoka mbali. Nilitaka kuuona mji kwa macho ya mtu aliyepewa kazi ya kuupima. Sasa nasema bila wasiwasi kwamba hakuna mji katika pwani yetu unaomfaa zaidi mtu wa namna hiyo, na kwamba msafiri wa kawaida akijibanza nyuma yao kwa asubuhi moja tu, atauona mji ambao vitabu vya watalii havimwonyeshi.

Tuanze baharini, maana mji huu ulijengwa uonekane kutoka huko. Boti ya kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na dakika za mwisho ndizo zenye thamani. Panda juu, simama upande wa kulia. Inatangulia Shangani na majumba yake meupe, kisha bustani ya Forodhani, kisha Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kando yake ni Beit al-Ajaib, jumba la sherehe alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lenye nguzo ndefu za chuma na baraza zinazolizunguka ghorofa kwa ghorofa. Humo ndimo taa za umeme zilimowaka mapema kuliko mahali pengi Afrika Mashariki, ndipo watu wakaliita jumba la maajabu.

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, ukarabati ukiendelea, mnara wa saa na sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo viliporomoka. Watu wawili walikufa. Dalili ilikuwa imetolewa tangu mwaka 2012, sehemu ya baraza ilipoanguka. Mtalii huona pengo katika picha yake. Mwanafunzi huona swali la kazi ya miaka: jengo lililochanganya mawe ya matumbawe, chokaa, zege na vyuma, katika hewa ya chumvi, hulika wapi kwanza? Na nani alipaswa kuliona mapema?

Mbele kidogo, karibu kabisa na bandari, lipo jibu la upande wa pili. Ni ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa mikono ya mafundi wa Kihindi. Tharia Topan, mfanyabiashara na msimamizi wa forodha wa Sultani, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria. Kufikia miaka ya 1980 jengo lilikuwa limechoka vibaya. Miaka ya 1990, Aga Khan Trust for Culture ililifanyia ukarabati, na pale jukwaani vijana wa Unguja walifunzwa tena kazi ambazo baba zao walikuwa wameanza kuziacha: kuchoma chokaa, kuunga mbao bila misumari, kupaka lipu laini ya asili. Napenda kusimama chini ya roshani ile. Ni jengo zuri kupita kiasi kwa kazi ya zahanati, na sidhani kama kuna mgonjwa aliyelalamika.

Sasa tuingie ndani, kwa miguu, maana gari halipiti. Nyumba niliyoingia pamoja na wanafunzi iko mtaa wa Kiponda, ghorofa tatu, familia tofauti kila ghorofa. Kwa nje ni ukuta mrefu mweupe uliopauka, dirisha moja hapa na jingine kule. Kwa ndani kuna ua ulio wazi juu, ngazi zenye vidato virefu vya kuchosha magoti, na vyumba vyembamba virefu vinavyouzunguka ua. Wembamba huo ndio somo la kwanza. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, zile zilizokuwa zikikatwa delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu na kupakiwa majahazini mpaka Uarabuni na Ghuba. Boriti ya mkoko ina urefu wake. Mita tatu hivi, basi. Kwa hiyo chumba nacho kina upana wake, kiwe cha tajiri au cha mpangaji. Aliyetaka sebule kubwa aliirefusha, kuipanua hakuweza. Ukishalijua hilo, unaweza kuzisoma nyumba za pwani nzima, kutoka Kilwa hadi Lamu.

Fundi alikuwa amefika kabla yetu. Mzee mfupi, kanzu imepandishwa na kufungwa kiunoni, mikono imekauka kwa chokaa.

"Shikamoo fundi," akasema binti wa kutoka Dar es Salaam, ambaye alikuwa na kompyuta, kipima unyevu na kamera begani.

"Marahaba mwanangu. Umekuja na simenti?"

"Hapana, fundi."

"Basi karibu."

Akampeleka ukutani. Hakumwambia atoe kifaa chochote. Alikunja kidole na kugonga, hatua moja, nyingine, nyingine. "Gonga. Sikiliza." Binti akagonga. Mahali pa kwanza palitoa mlio mzito, wa kitu kilichojaa. Kiasi cha dhiraa moja pembeni, mlio ukawa mwepesi. Fundi akaingiza ncha ya mwiko na kipande cha lipu ya saruji kikabanduka kizima, kigumu, kinene kama kitabu. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, na juu ya jiwe palikuwa na unga mweupe. Fundi akaugusa, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Chumvi.

Hapo ndipo kilipo kisa kizima cha Mji Mkongwe, kwenye kipande cha lipu chenye ukubwa wa sahani. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo unyevu unaopanda kutoka ardhini au kushuka kutoka juu hupata njia ya kutoka. Saruji huifunga njia. Maji hubaki ndani, chumvi iliyomo hukauka na kuvimba nyuma ya lipu, na ukuta unaanza kujisukuma wenyewe. Zaidi ya hapo, vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta huo huo. Vikikaa na maji vinaoza pasipoonekana, na siku ikifika sakafu inashuka na watu wake. Mwenye nyumba aliyepiga lipu ya saruji alidhani anaiimarisha, na fundi wa siku hizi alimwitikia kwa sababu saruji inapatikana kila duka na inakauka siku ya pili.

Chokaa haina haraka hiyo. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, ya minazi mara nyingi, na kuchomwa. Kisha humwagiwa maji, kisha huwekwa shimoni kupoa na kulainika kwa muda mrefu, na mafundi wazuri huiacha miezi. Sakafu za zamani zilipigwa kwa vijiti siku nzima, wanaume na wanawake wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka chokaa na kokoto zishikane. Fundi wetu alisema aliwahi kuiona kazi hiyo akiwa mtoto. Binti akaacha kompyuta, akachukua daftari. Mara nyingi katika safari ile niliona hivyo: kifaa kinarudi begani, kalamu inatoka.

Sisemi kwamba vifaa havina maana. Kijana mwingine wa kikundi hicho alibandika vipande vidogo vya kioo juu ya ufa wa ngazini, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikipasuka, ufa unatembea. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na umetulia. Ni kazi rahisi ya senti chache, nayo hutofautisha nyumba ya kuhamwa leo na nyumba inayohitaji chokaa tu. Ramani walizochora za kila ghorofa, zenye rangi za kuonyesha unyevu, ni nzuri kutazama. Lakini zilianza kuwa na maana pale walipopanda juu.

Ghorofa ya juu anakaa bibi mmoja na wajukuu. Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi kabla hatujataja shida yetu.

"Kaeni kitako, wanangu. Mmekuja kupima?"

"Ndiyo, bibi."

"Walikuja wa kwanza, wakapima. Wakaja wa pili, wakapima. Bati ni lile lile." Alisema bila hasira, akimimina chai. Kisha akatuonyesha ndoo alizozipanga darini, moja chini ya kila tundu, na akataja kwa mpangilio ni tundu lipi huanza kuvuja mvua ikitoka upande gani. Hakuna kipima unyevu kinachojua hayo.

Somo hili halifundishwi sawasawa chuoni, nami nadhani ni zito kuliko la chokaa. Paa hili ni la nani? Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za walioondoka zilichukuliwa na serikali, na familia kutoka mashamba, Pemba na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, zikapewa vyumba. Nyumba nyingine ni za wakfu, zilizowekwa na waliotangulia kwa ajili ya msikiti, maskini au kizazi chao, na husimamiwa na kamisheni ya serikali. Nyingine ni za watu binafsi, na wenyewe huenda ni ndugu kumi na wawili waliotawanyika Muscat, Dubai, London na Toronto. Wa chini havujiwi. Haoni sababu ya kuchangia bati. Wa juu anavujiwa; hana fedha. Kodi ni ndogo, kwa hiyo mwenye nyumba naye hana cha kutengenezea. Maji yanaendelea na kazi yake. Mwanafunzi aliyekuja akidhani uhifadhi ni habari ya mawe, akitoka kwenye chai ile anajua kwamba ni habari ya mirathi, kodi na majirani.

Hati hazikosekani. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mwanahistoria Abdul Sheriff alihariri kitabu kizima juu ya historia na uhifadhi wa mji huu, kilichotoka 1995. Mwaka uliofuata ulichapishwa mpango mkubwa ulioongozwa na msanifu Francesco Siravo, ambao uliuchambua mji jengo kwa jengo na kueleza lipi liguswe vipi. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 sheria mpya ikatungwa. Wanafunzi hupelekwa kwenye Nyaraka, Kilimani, ambako ramani na barua za kale zimetunzwa, na wengi hutamani wasitoke, maana kuna feni na kimya. Wasimamizi wazuri huwatoa kwa nguvu.

Huwapeleka wapi? Kuzunguka. Na kuzunguka Mji Mkongwe ni starehe hata kwa mwenye karatasi na penseli mkononi. Eneo lenyewe ni kama hekta 96 tu, lakini ndani yake umo mnara wa msikiti wa Malindi wenye umbo la pia, la nadra Afrika Mashariki; hekalu la Wahindu Hurumzi; kanisa la Kikatoliki lenye minara miwili; na hamamu ya Hamamni ambayo Barghash aliwajengea watu wa mjini. Barghash huyo huyo ndiye aliyeleta maji safi mjini kwa mabomba. Mkunazini kuna kanisa kuu la Kianglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali hasa palipokuwa na soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, ni pia mmoja wa watu wa mwanzo kuchapisha sarufi na hadithi za Kiswahili. Hapo mahali sikai muda mrefu. Nilishuka kwenye vyumba vya chini vinavyoonyeshwa wageni, nikatoka. Wanafunzi walibaki, wakibishana nini kioneshwe na nini kiachwe, na kwa nani. Ubishi wao ulikuwa mzuri na ulikuwa haujaisha nilipoondoka.

Jioni ni Jaws Corner. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata, dhumna zikipigwa mezani, na siasa bila kunong'ona. Kila mzee hapo ana historia yake ya mji na hakuna mbili zinazofanana. Msanifu wa kike kutoka nje aliyekuwa na kikundi hicho aliuliza nyumba iliyo pembeni ni ya nani. Alipata majibu manne, kila moja na kiapo chake. Aliyaandika yote. Nikamwona ameiva.

Ukitoka Jaws Corner ukashika njia ya Darajani, ukavuka barabara ya Benjamin Mkapa, umeingia Ng'ambo. Barabara hiyo zamani ilikuwa mkono wa bahari uliowatenga watu wa nyumba za mawe na watu wa nyumba za udongo na makuti, kabla haujajazwa kifusi wakati wa ukoloni. Watalii wengi hawavuki. Wanakosa nusu ya mji. Ng'ambo ndiko Siti binti Saad alikokuwa akikaa na kuimba kabla na baada ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake. Ndiko Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikozeeka na ngoma yake. Huko baraza hazijengwi kwa mawe tu, hata benchi la ubao mbele ya duka linatosha, na maskani huanzia hapo.

Kwa mwanafunzi wa mipango miji, Ng'ambo ni hazina, kwa sababu imepangwa na kila aliyepita. Mwingereza Lanchester alitoa mpango wake mwaka 1923. Ukafuata mwingine wa Kendall mwaka 1958. Baada ya Mapinduzi, wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora wa kwao mwaka 1968, na ndipo yakaja majumba marefu ya Michenzani, yaliyopita katikati ya mitaa ya zamani kwa mistari iliyonyooka. Mwaka 1982 wakaja Wachina. Muongo uliopita ndipo idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na African Architecture Matters na jiji la Amsterdam, ilipofanya kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo, ambamo wakazi wenyewe waliulizwa sehemu gani wanazithamini. Walitajwa wapika vyakula, viwanja vya mpira, kumbi za sinema za zamani, miti ya kukaa chini yake. Pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 juu ya mandhari ya miji ya kihistoria linasema urithi ni zaidi ya majengo. Ukikaa Michenzani jioni, watoto wakicheza chini na nguo zikining'inia ghorofa hadi ghorofa, huhitaji pendekezo hilo. Lakini ni vizuri limeandikwa, kwa sababu bila karatasi hakuna bajeti.

Majumba yale watu wa Bara huyaita mabaya. Mimi siyaoni mabaya. Yana ukaidi fulani, na wenyewe wanayapenda.

Kuna jambo lingine ambalo kila mwanafunzi hukutana nalo, nalo ni hoteli. Ugomvi mkubwa uliokuwapo juu ya Mambo Msiige, jumba la kale la Shangani lililogeuzwa hoteli na kuongezewa jengo jipya pembeni, ulifika hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia. Sina kinyongo na hoteli. Nyingine zimeokoa nyumba ambazo zingekuwa kifusi, na mafundi wa chokaa wanakula kwa ajili yake. Ila nilipita mtaa mmoja wa Shangani usiku, na katika nyumba zote za upande wa kulia sikusikia sufuria wala mtoto akilia, ni viyoyozi tu. Kiponda bado panapikwa. Malindi bado panavuliwa samaki na watu wanagombana juu ya bei. Kama nina sifa moja ya kuupa Mji Mkongwe kuliko zote, ni hiyo, na ndiyo inayoufanya kuwa mahali pa kujifunzia: mwanafunzi akikosea jambo hapa, bibi wa ghorofa ya juu atamwambia.

Anayetaka kuja na ajue mambo machache. Kibali cha utafiti cha Zanzibar hutolewa Zanzibar. Cha Bara pekee hakitoshi. Ukishakipata, nenda kwa sheha wa shehia unayotaka kufanyia kazi kabla hujabisha hodi kwenye nyumba yoyote. Vaa nguo za heshima, na katika mwezi wa Ramadhani usipange mahojiano ya mchana. Viatu viwe vya kufunga, kwa ajili ya zile ngazi. Ukialikwa chai, kunywa. Jioni nenda Forodhani ule urojo, lakini ule wa mitaani, anaouza mama mlangoni kwake, ni mtamu zaidi, na huko utasikia habari za nyumba ambazo hazimo kwenye faili lolote.

Sasa neno kwa vyuo vyetu, Ardhi, Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na vile vya nje vinavyoleta watu hapa. Wanafunzi wengi huletwa Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, kwa sababu ndipo ratiba ya chuo inaporuhusu. Hewa ni nzuri, kuta zimekauka, na nyumba zinaonekana nzima. Nyumba ya chokaa haisomeki hivyo. Isomwe wakati wa masika, Aprili, maji yakishuka ngazini na ndoo za darini zikijaa, ndipo mtu aone boriti ipi inalowa na mfereji upi umeziba. Badilisheni ratiba. Wiki sita za Aprili na Mei zitamfundisha mwanafunzi kuliko miezi mitatu ya jua.

La pili ni ripoti. Zinaandikwa kwa Kiingereza, zinafungwa vizuri, zinapelekwa maktaba, na bibi wa Kiponda hajawahi kuona hata moja. Kila mwanafunzi aandike kurasa nne kwa Kiswahili: mchoro wa paa, mahali panapovuja, boriti zinazotakiwa kubadilishwa, kiasi cha chokaa, aina ya kazi na makisio ya gharama. Nakala moja Mamlaka ya Mji Mkongwe, moja kwa sheha, moja kwa wenye nyumba. Kwa karatasi hiyo familia inaweza kuwaandikia ndugu wa Muscat, au kubisha hodi kamisheni ya wakfu, ikiwa na kitu mkononi. Wasimamizi waikatae tasnifu yoyote isiyoambatana na kurasa hizo nne.